Nani Amezidi Nyumbani Kwetu?

Harufu ya nyumba yetu ya mtaa wa Mapendo, Goma, mwaka ule ilikuwa ya maharage. Sisemi yale maharage yaliyoiva na kukaangwa kitunguu, yanayomwita mtu kutoka barabarani. Nasema maharage yaliyotiwa motoni asubuhi na ambayo hayana haraka na mtu, yakichanganyika na moshi wa makala, yaani makaa, yenye unyevu, sabuni ya kipande, na mablanketi yaliyonyeshewa mvua yakakataa kukauka. Ukisukuma mlango wetu wa mbao, harufu hiyo ilikupokea kabla hujapokewa na mtu. Mimi niliipenda, sijui kwa nini. Mama alisema ni harufu ya watu wengi. Papa alisema ni harufu ya watu wengi mno. Nilikuwa mwaka wa tano wa shule ya msingi, mtoto wa kuuliza mpaka watu wanafunika masikio, na tofauti kati ya kauli ya Mama na kauli ya Papa ndiyo iliyonihangaisha msimu mzima.

Vita vilikuwa vimeteremka na barabara ya Rutshuru, na barabara ile ndiyo iliyotulisha. Sisi ni Wanande, wazazi wangu walitoka Butembo, na Papa alikuwa akileta Goma maharage na viazi vya Rutshuru. Lori likimharibikia huko, alikuwa akila na kulala kwa mwalimu mmoja wa Kiingereza wa shule ya sekondari, Madame Uwimana, ambaye familia yake ilimuuzia maharage. Kwa hiyo risasi zilipoanza kulia huko kwao, Madame hakuuliza njia. Alitokea mlangoni kwetu na mvua, mtoto mchanga mgongoni, mwingine mkononi, na nyuma yake mama yake mzazi, kikongwe mwembamba mwenye mgongo ulionyooka, ambaye sote tulimwita Mukecuru, jina la heshima la bibi mzee kwa Kinyarwanda chao. Mume wa Madame alibaki nyuma na ng'ombe. Papa aliwapokea kwa mikono miwili, hilo nalisema kabla ya yote, maana sitaki mtu aanze kumchukia baba yangu mapema.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na sebule, ukuta wa mbao, juu bati, chini mawe meusi ya volkano ambayo hata uyafagie vipi yanabaki mawe. Usiku tulilala tumepangana sebuleni, watoto wao na wa kwetu, na ukigeuka wewe wanageuka wote. Wale wasiokuwa na ndugu wala rafiki mjini waliendelea mbele hadi Mugunga, kambini, ambako watu walifunga maturubai juu ya mawe yaleyale meusi na kupigania maji. Mama alikuwa amekwenda kule na akina mama wa parokia kupeleka nguo, akayaona mwenyewe. Mtoto mchanga wa Madame alikuwa na kifua kibaya, alikohoa mpaka macho yanamtoka, na Mama alikuwa akimtazama na kusema polepole, "Huyu, mvua ya Mugunga hataimaliza." Basi jambo la kuamuliwa nyumbani kwetu lilikuwa moja tu, hata kama hakuna aliyelitamka: Madame na watu wake wabaki, au waende kambini.

Shule yetu ilikuwa imejaa wakimbizi, wanalala juu ya madawati, kwa hiyo hatukusoma. Madame hakuvumilia. Siku chache tu baada ya kufika alichukua kipande cha kaa, akaandika kwenye ukuta wa mbao wa jirani bila kumwomba mtu ruhusa, na alasiri hiyohiyo ua wetu ukawa darasa la Kiingereza. Tulianza watoto, wakaja wakubwa, maana wazungu wa misaada walikuwa wamejaa mjini na kila mtu aliota kuwa mkalimani wao. Madame alikuwa na namna yake ya kufundisha, sijaiona kwa mwalimu mwingine. Kila siku alitupa neno moja la sifa, na hukuruhusiwa kuliandika popote mpaka uende kulitafuta, urudi nalo mkononi au umvute mwalimu akalione. Siku ya neno la kitu chenye ncha, kila mtu alileta jiwe, Madame akacheka akasema Goma hapa somo hilo ni la bure. Siku ya chembamba tulimpeleka kwenye upenyo kati ya choo chetu na ukuta wa jirani, akakwama kidogo, tukapiga makofi.

Halafu ikaja siku ya neno "excessive". Aliliandika kwa herufi kubwa, kaa likakatika katikati, akamalizia kwa kipande. Wakubwa wawili watatu waliofika sekondari walijigamba kwamba hilo liko hata kwenye Kifaransa, na sisi wengine tulipiga kelele kwamba ni "mingi sana", tumeshalijua, alete lingine. Madame akatikisa kichwa. "Haiko mingi tu," akasema. "Mingi, unahesabu, unanyamaza. Hii ni yenye inapita kipimo, na kipimo ni ya mutu. Bila mutu wa kulalamika, neno hii haiko. Sasa mukileta kitu, mulete na mwenye analalamika." Tukatazamana. Kazi ya kuleta vitu viwili kwa pamoja, kitu na mlalamikaji wake, hatukuwahi kupewa. Lakini mimi niliposikia tu, kichwa kikawaka, kwa sababu walalamikaji nyumbani kwetu nilidhani ni kuokota tu.

Loo, haikuwa hivyo. Mdogo wangu Muhindo alikimbilia chungu, akarudi na kijiko cha mchuzi akidai chumvi imezidi. Mlalamikaji alikuwa yeye mwenyewe. Mukecuru, aliyekaa pembeni na mjukuu, akakichukua kijiko, akalamba, akaomba kingine. Mimi nikaenda kumleta jirani yetu, Mama Zawadi, kwa sababu ya redio ya Papa. Papa alisikiliza habari za vita kwa sauti ya kuamsha wafu, na nilikuwa na hakika kabisa Mama Zawadi ameshachoka. Akaja na unga mikononi, akaulizwa mbele ya watu, akasema, "Miye? Nilalamike? Redio yangu ilikufa, ile ya Muzee njo nasikiliza. Mumwambie aongeze." Nilitamani ardhi inimeze. Mtu mwingine akataja mvua, na kweli mvua ya mwaka ule ilikuwa imetuchosha, lakini Mama wakati huohuo alikuwa akipanga mabeseni chini ya bati, anashangilia kila tone, maana siku ya mvua hakuna kwenda ziwani kuteka maji. Kila kilichozidi kwa huyu, kilikuwa kimemfaa yule. Madame alifurahi jioni ile kuliko siku zote, akasema neno hilo halijapatikana bado, tuendelee kutafuta.

Nami nikaendelea. Nilikuwa sifai kwa lolote jingine. Niliwafuata watu nyuma, nikisikiliza wanalalamikia nini, nikaona kwamba binadamu hulalamika kwa siri zaidi kuliko hadharani, na kwamba saa nzuri ya kumsikia ni asubuhi na mapema, kabla hajavaa uso wake wa mchana. Hivyo ndivyo nilivyojikuta asubuhi moja nyuma ya nyumba, karibu na gunia la makala, nikamsikia Papa akizungumza na Mama aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo. "Mama Katungu," akasema, Katungu ni mimi, "batu beko tro, bamezidi. Barabara haifunguke, gunia inaisha. Mugunga banapewa hema, banapewa unga." Mama hakuinua kichwa. "Na kifua ya ule mutoto?" akauliza. Papa akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ndogo, "Na kifua ya betu, nani ataiuliza?"

Nitasema nilivyohisi, hata kama ni aibu. Kwanza nilifurahi. Nilikuwa nimelipata neno! Kitu na mlalamikaji, vyote viwili mahali pamoja, kazi imekwisha. Furaha hiyo haikumaliza hata pumzi moja. Kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa Madame, na Mukecuru, na yule mtoto anayekohoa, na mlalamikaji alikuwa Papa wangu, na alikuwa na sababu. Gunia la maharage nililiona mwenyewe, lilikuwa limekaa chini kama mtu aliyechoka. Alasiri, Madame aliponiuliza mbele ya wote, "Katungu, weye mutafutaji, haujapata bado?" nikamjibu bado natafuta, nikatazama miguu yangu. Nilimpenda yule mwanamke. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo tu, ataondoka.

Sasa lazima nieleze desturi ya nyumbani kwetu, bila hiyo hamtaelewa. Papa hakuweza kumwambia mgeni "toka". Kwake hilo lilikuwa tusi ambalo mtu hulala nalo kaburini. Lakini kulikuwa na njia. Mgeni aliyekula chungu kimoja na sisi alikuwa wa nyumba. Siku akipewa mbabula yake, jiko lake la bati la kupikia kwa makala, maana yake chungu cha pamoja kimekwisha, ajitegemee, na anayejitegemea hutafuta pake. Hakuna aliyefokewa, hakuna aliyefedheheka. Mwaka mmoja kabla, binamu yake Papa kutoka Butembo alikaa kwetu mpaka tukasahau alikuja lini, Papa akamletea mbabula mpya na tabasamu, na kabla ya Jumapili mbili binamu amepata chumba mtaa wa Birere. Hadithi hiyo nilikuwa nimemsimulia Madame mimi mwenyewe, kwa kicheko, siku za mwanzo, nikiiga sura ya binamu alipoliona lile jiko.

Papa alikuja nayo alasiri, watu wakiwa darasani. Pengine alichagua saa hiyo makusudi, mbele za watu mambo huwa mepesi. Mbabula ilikuwa mpya, bati bado linang'aa, haijawahi kuonja moto. Akaiweka mbele ya Madame taratibu, akasema ameona watakuwa vizuri zaidi wakijipikia. Mama akageuza uso, akajifanya anafuata kuku ambaye hakuwepo. Madame alielewa palepale. Akasema "Aksanti, Papa," kwa adabu kabisa, akaweka kaa lake chini, akaingia ndani, na kupitia mlango tulimwona akianza kukunja mablanketi, moja, lingine, akamwita mtoto wake mkubwa avae viatu.

Ndipo Mukecuru akasimama. Alikuwa amekaa akilitazama lile jiko kwa muda, kichwa upande, halafu uso wake wote ukafunguka. Akampa mtu wa karibu yule mtoto, akaliinua jiko kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, akapiga vigelegele. Vigelegele gani! Majirani walitoka, hata waliopita barabarani wakasimama. Akaliweka chini, akanyoosha mikono juu na kuanza kucheza ile ngoma yao ya mikono kama pembe za ng'ombe, kikongwe yule ambaye tulidhani magoti yamekufa, akimzunguka Papa na kumbariki kwa Kinyarwanda, "Uragahorana Imana," ukae na Mungu siku zote, kisha kwa Kiswahili ili kila mtu asikie: "Papa, aksanti! Tulikuwa bageni, sasa umetukarisha! Leo tumekuwa batu ba hapa!" Na majirani, ambao hawakujua lolote, wakapiga makofi. Mama Zawadi akamwambia Papa ametenda jambo la kimungu.

Baadaye Madame alitueleza. Kwao, mwanamke aliyeolewa hula cha mama mkwe wake, hapiki, ni kama mgeni bado. Siku wakwe wanapomletea jiko lake, siku hiyo ndiyo amekubaliwa, ni mtu wa boma, hakuna wa kumwondoa. Mukecuru alipoletewa mbabula na mwenye nyumba mwenyewe, mbele ya mashahidi, aliona kile tu ambacho macho yake yalifundishwa kuona. Kuna waliosema kikongwe alikuwa mjanja, alijifanya haelewi. Mimi nilimchunguza, nilikuwa mchunguzi wa kazi hiyo. Nikamwendea siku nyingine nikamuuliza, "Mukecuru, siku ile ulijua Papa anataka nini?" Akanishangaa. "Alitaka nini tena, mutoto wangu, si alitukarisha?" Na akanipa kipande cha kiazi alichokuwa anakula.

Lakini turudi uani. Papa alikuwa amesimama katikati, kikongwe anamzunguka, watu wanamsifu, na uso wake ulipita kila rangi ambayo uso unaweza kupita. Nilimtazama bila kupepesa. Akamtazama Mama. Mama, ambaye alikuwa amemwacha kuku wake, alikuwa ameuma mtandio asicheke, na machozi yanamtoka hapohapo, sijui ni ya kicheko au ya nini. Papa akapangusa jasho kwa kiganja, akasema, kwa sauti ya mtu anayejibu swali la kawaida, "Makala iko kule nyuma. Mukamate." Mama akaingia ndani, nikamsikia akimwambia Madame, "Fungua izo mablanketi, bibi. Na viatu ya mutoto, mutoe." Madame alikaa chini juu ya mablanketi yaliyokunjwa nusu, akalia kwa sauti, na Mama akakaa naye.

Kesho yake darasa liliendelea, na Madame akatupa neno la rangi ya njano. Njano! Nilikasirika sana. Nilitaka tulimalize lile la kwanza, nilikuwa na maswali tele, lakini alinitazama tu, na mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona swali ninaloweza kulimeza. Walikaa nasi mpaka barabara ikafunguka. Tulikula kidogo, sitadanganya, kuna siku tulikunywa uji tu na kulala. Wanafunzi wakubwa walianza kuleta unga badala ya shukrani. Kifua cha mtoto kilipoa taratibu, Mama akimfukiza majani, na mume wa Madame alipokuja kuwachukua, akiwa mzima, amebakiwa na ng'ombe wachache, Papa aliwasindikiza mpaka kwenye gari na kurudi ameinamisha kichwa.

Nilikuwa mtu mzima, tayari nimeolewa, nilipothubutu kumuuliza Papa kuhusu siku ile. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, anang'oa betri za redio azianike juani. Hakuona aibu, wala hakukana. "Eeh, nilitaka baende," akasema. Nikamuuliza tena, maana mimi ni mimi, aliwezaje kujua kwamba ni wao waliozidi na si sisi. "Nilikuwa nahesabu sahani," akasema. "Nilianza na nyie. Mama yako, weye, Muhindo. Kufika kwabo, sahani imeisha. Haikuwa roho mubaya, Katungu. Ni mahali nilianzia kuhesabu. Ule Mukecuru yeye alianzia mahali pengine." Akarudisha betri moja, redio haikuwaka, akaitoa tena. Nimesoma kamusi kadhaa tangu hapo, kwa sababu niliishia kuwa mkalimani kweli, na hakuna hata moja iliyonieleza neno lile vizuri zaidi ya mzee yule na betri zake.

Siku hizi nyumba yangu ni ya matofali, ina vyumba vinne na maji ya bomba yanayokuja yakitaka. Kwenye mikutano nakutana na neno lile kila wiki: idadi ya watu kwa kila kaya imezidi, mahitaji yamezidi. Nalitafsiri, nalipwa, narudi nyumbani. Lakini vita vilipoteremka tena, na watu wakapita mbele ya geti letu na magodoro kichwani wakielekea Mugunga, familia moja ikasimama kuomba maji, mvua ikawakuta hapohapo, nilijishangaa. Sisi ambao tuna nafasi ambayo Mama hakuiota, mimi na mume wangu tulikaa jikoni tukihesabu kwa kunong'ona, naye akasema kwa huzuni ya kweli kwamba hapatoshi. Sebule ina kanape, yaani kochi, ile kubwa ya kona, ya rangi ya maziwa, tuliyoinunua kwa mkopo wa miaka. Nikamwambia tuhesabu upya, lakini safari hii tuanze na wale walioko getini, watoto wao kwanza, halafu wakubwa wao, halafu wetu, halafu sisi, na tuone ni nani au nini kinabaki mwisho bila mahali. Alihesabu kwa vidole mpaka mwisho. Halafu akaniambia nishike upande mmoja, tukaitoa kanape nje kwenye mvua.